Nukta Sifuri Sifuri Nane

Huyu bwana watu walimwita Gawa kwa Nane, na hakuna aliyemwonea. Jina alijitafutia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa miaka thelathini na moja ya kuwasahihisha watu. Jirani akisema amefungiwa intaneti ya megabiti kumi, Gawa atasimama pale ukutani na ndoo yake mkononi, atasikiliza mpaka mwisho, halafu atasema, "Kumi za biti hizo, na baiti moja ni biti nane. Gawa kwa nane. Una megabaiti moja na robo." Jirani hakuuliza. Jirani alikuwa anajifurahisha tu na mkewe. Baada ya mara ya tatu alihamishia viti vyake upande wa pili wa nyumba na kupanda ua kabisa, na Gawa akaona jirani amependa kivuli.

Kazi yake ilikuwa fundi mitambo katika kituo cha simu, jengo lenye madirisha madogo na mlango mzito wa chuma. Ndani mlikuwa na safu nne za makabati ya kijivu, marefu kuliko mtu, na nyaya zilizofungwa mafungu mafungu kwa uzi wa nailoni. Zamani palikuwa na wafanyakazi thelathini na wanane na foleni ya chai. Sasa walibaki Gawa, mlinzi wa getini na kiyoyozi, na katika hao watatu kiyoyozi ndicho kilichoonyesha dalili za kutaka kustaafu.

Laini zenyewe ni zile za kidijitali za zamani, ambazo mhandisi wa siku hizi akiziona anauliza kama kweli zinafanya kazi. Zinafanya. Bomba linaloingia kituoni lina kilobiti elfu mbili na arobaini na nane kwa sekunde. Sauti ya mtu mmoja kwenye simu inataka sitini na nne. Gawanya, utapata thelathini na mbili.

"Msishangilie," Gawa aliwaambia wanachuo waliokuja kutembelea kituo. "Njia moja ni ya saa, ili mitambo ya huku na ya kule iende hatua moja. Nyingine ni ya kupashana habari, nani anapiga na nani amekata. Zinabaki thelathini za watu kuongea. Anayekwambia thelathini na mbili hajawahi kushika bisibisi."

Wanachuo waliandika. Mmoja aliuliza choo kiko wapi.

Alikuwa na daftari lenye jalada jeusi, la nne sasa, ambamo kila laini iliandikwa kwa namba, kwa kasi na kwa tarehe. Ukilifungua popote hukuti neno lililofutwa. Hakuna mkwaruzo, hakuna mstari uliopigwa juu ya tarakimu. Gawa alijivunia daftari hilo kuliko watoto wake, ambao wawili walirudia darasa. Na kama vile daftari lilivyokuwa halina mfuto, Gawa naye alikuwa na neno moja ambalo halijawahi kumtoka mdomoni, neno "nimekosea." Mkewe alikuwa anajua, maana alikuwa analisubiri.

Alilisubiri hasa tangu siku ya gesi. Hiyo ni miaka kumi na tisa nyuma. Gawa alimhakikishia mkewe kuwa mtungi wa gesi utatosha mpaka Jumapili. Alikuwa ameupima kwenye mzani, ametoa uzito wa chuma, amegawa kwa siku. Mtungi uliisha Alhamisi, maharage yakiwa nusu ya kuiva na wageni wamejaa sebuleni, wazazi wa mkewe wakiwemo. Gawa aliupima tena mtungi, akapitia hesabu, akatangaza mbele ya wakwe zake kuwa hesabu haina kasoro ila mwali wa jiko uliwashwa mkubwa mno. Mkewe alikula yale maharage mabichi akimtazama. Jamani, kuna wanawake wanaopiga kelele na kuna wanaotunza, na huyu alitunza.

Sasa tuje kwenye fomu.

Mwezi wa nne makao makuu waliamua kung'oa laini zote za zamani. Zinazotumika zitahamishiwa mtambo mpya, zisizotumika zitakatwa. Kila kituo kijaze fomu kwenye kompyuta, mstari mmoja laini moja, na safu ya nne iseme kasi ya laini kwa megabaiti kwa sekunde. Aliyetunga fomu hiyo alikuwa mtu wa ripoti. Biti na baiti kwake ni kitu kimoja, akachagua neno lililokaa vizuri kwenye safu.

Vituo vingine havikujisumbua. Laini ni sitini na nne, kibandiko kinasema sitini na nne, basi waliandika 0.064 wakaenda kula. Gawa alipoona neno megabaiti alivuta kiti akakaa sawasawa. Miaka yote hiyo, hatimaye makao makuu kuna mtu anayejua tofauti! Sitini na nne, gawa kwa nane, unapata nane. Kilobaiti nane kwa sekunde. Gawa kwa elfu, sifuri nukta sifuri sifuri nane za megabaiti. Aliandika hivyo mara kumi na moja, kwa laini kumi na moja zilizokuwa bado hai, na kwenye zile kumi na tisa zilizokufa akaandika sifuri. Alitumia siku mbili nzima, maana alihakiki kila moja mara tatu.

Alasiri ile ile kompyuta ilimrudishia risiti. Ilikuwa na mistari thelathini, na kwenye kila mstari kasi ilisomeka 0.0, laini zilizo hai na zilizokufa sawasawa. Mfumo ulikuwa unakadiria mpaka tarakimu moja tu baada ya nukta, nusu na zaidi inapanda, pungufu inashuka. Gawa aliiona risiti hiyo. Aliisoma yote, akacheka kwa pua, akaandika kwenye daftari jeusi: "Wamekata tarakimu. Yetu iko sahihi." Halafu aliitoboa matundu mawili, akaiweka kwenye faili, akaenda nyumbani na moyo mweupe.

Wiki mbili baadaye, Jumanne alasiri, shemeji yake alishuka kutoka mlimani. Huyu ni mdogo wa mkewe, mkunga wa zahanati ya kule juu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Zahanati yake ina vitanda sita na simu moja ya mezani. Simu ya mkononi kule ni tochi tu. Mlima umesimama katikati, na ukitaka mtandao inabidi ushuke kwa miguu mpaka kona ya pili ya barabara, saa nzima na nusu.

"Shemeji," alisema kabla hajakaa, "eti laini yangu haina kasi."

"Nani kasema?"

"Kampuni yako. Soma mwenyewe, una miwani."

Barua ilikuwa fupi. Laini ya zahanati ina kasi ya 0.0. Kwa kuwa haitumiki, itakatwa Ijumaa saa sita mchana. Kampuni inaomba radhi kwa usumbufu wowote.

"Haitumiki!" mkunga alisema. "Wiki iliyopita nimeita ambulansi kwa simu hiyo hiyo isiyotumika. Sasa sikia. Nina mama wa mapacha, siku zake zimefika. Wa kwanza amelala mshazari. Yule siwezi kumzalisha kule juu, yule anataka kisu. Nimemwambia ashuke mapema akakae hospitali, hana wa kumwachia watoto wanne. Kwa hiyo uchungu ukianza, mimi nina simu moja na Mungu mmoja. Na nyinyi mnanikatia simu."

Gawa aliingia chumbani, akarudi na daftari. Sitini na nne, gawa kwa nane. Nane. Gawa kwa elfu. Nukta sifuri sifuri nane. Alirudia kwa kalamu, akarudia kwa kichwa. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, na kwa kama sekunde tatu hivi alifurahi. Furaha ilimpanda mpaka usoni, na mkewe, aliyekuwa anaingia na sinia la chai, aliiona.

"Nani aliyeandika hiyo sifuri?" mkewe aliuliza.

"Sikuandika sifuri. Niliandika sifuri nukta sifuri sifuri nane. Iko sahihi."

"Sijakuuliza kama iko sahihi. Nimekuuliza nani aliandika."

"Mimi," Gawa alisema.

Mkunga alikunywa chai yake. Alimtazama shemeji yake, akamtazama dada yake, akaona ndani ya nyumba hii kuna mambo ya zamani kuliko simu, akaomba sukari.

Jumatano asubuhi, saa mbili kamili, Gawa alipiga makao makuu. Aliyepokea alikuwa mama wa kitengo cha takwimu, ambaye nchi nzima ya mafundi ilimwita Mama Mfumo kwa sababu ya jibu lake moja.

"Mfumo unaonyesha sifuri, baba," alisema.

"Si sifuri. Ni nukta sifuri sifuri nane."

"Mfumo unachukua nukta moja."

"Basi mfumo umekosea."

"Mfumo haukosei, baba. Watu ndio wanaukosea."

Gawa alihamishia simu sikio la pili. Alimweleza jinsi biti nane zinavyofanya baiti moja, jinsi bomba zima la elfu mbili na arobaini na nane lingeandikwa kwa pamoja lingetoa megabaiti robo na ushee, na mfumo ungelisoma nukta tatu, na kwamba waliovunja bomba vipande thelathini ndio waliolifanya lionekane bure. Alizungumza dakika tisa. Mama Mfumo alimwacha amalize, maana alikuwa anapaka mkate siagi.

"Mstari mmoja laini moja," alisema. "Bomba halina safu. Ila kuna fomu ya masahihisho. Inajazwa na yule yule aliyejaza ya kwanza, kila laini na fomu yake, nakala tatu. Unathibitisha kwamba takwimu za awali ulizikosea, unataja sababu, unatia sahihi. Uilete kwa mkono kabla ya kesho saa nne, nikishafunga siwezi kufungua."

"Lakini sikuzikosea."

"Basi zibaki hivyo hivyo, baba."

Alipoweka simu chini alimpigia fundi mwenzake wa kituo cha pili, mtu waliyesoma naye kozi moja, na ambaye kwenye mtihani wa mwisho alijibu thelathini na mbili.

"Mimi? Zangu zote zimepita," mwenzake alisema. "Zinahamishwa wiki ijayo."

"Uliandika ngapi?"

"Nukta sifuri sita nne. Si ndivyo kibandiko kinavyosema?"

"Hizo ni megabiti! Safu inasema megabaiti! Umezidisha mara nane!"

"Ah, fundi. Nani atapima?"

Gawa alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu wa kozi yake. Alizunguka kabati la tatu mara mbili. Mtu asiyejua biti wala baiti, laini zake zote ziko hai. Yeye aliyeandika kweli tupu, laini zake zimezikwa na kasi yao. Alisimama mbele ya kadi ya mtambo, bamba lenye taa ndogo ndogo, taa moja kila njia. Ya kumi na saba, ya zahanati, ilikuwa kijani, haina mtu anayeongea. Miaka kumi na tisa aliijua kama njia ya kumi na saba, na hata shemeji yake alipohamishiwa zahanati ile iliendelea kuwa njia ya kumi na saba.

Alasiri alikuwa mezani nyumbani, anaandika. Ukurasa wa nne ulikuwa unaelekea mwisho na jedwali lilikuwa limeshachorwa kwa rula. Mkewe alikuwa anapiga pasi upande wa pili wa meza, na mkunga alikuwa amekwenda dukani kununua glavu za kuzalishia, apande nazo mlimani.

"Unaandika nini, baba watoto?"

"Maelezo."

"Ya nini?"

"Ya kwamba sikukosea."

Mkewe alipindua kola ya shati. "Huyo mama wa takwimu ameomba maelezo?"

"Hapana. Anataka niandike kuwa nilikosea. Nikiandika hivyo nitakuwa nimedanganya. Na ile nukta sifuri sita nne ni uongo mwingine. Uongo juu ya uongo, na sahihi yangu chini yake."

"Hebu nikuulize," mkewe alisema, akasimamisha pasi. "Ulipotuma, hawakukurudishia chochote?"

"Risiti ilirudi."

"Ukaiona?"

"Niliiona."

"Imeandikwa nini?"

Gawa alizungusha kalamu. "Sifuri nukta sifuri."

"Zote?"

"Zote."

"Na mstari wa zahanati?"

"Na huo."

"Ukafanya nini?"

Mtu mwingine hapo angejitia hamnazo. Angesema kompyuta ilizima, au angesema ni ya siku nyingi. Lakini Gawa, kwa ubishi wake wote, hakuwa mwongo, na ndiyo sababu alikuwa hapo alipokuwa.

"Nikaitoboa," alisema, "nikaiweka kwenye faili."

Mkewe alilikunja lile shati. Alichukua shati lingine. Pasi ilipita kwenye mkono wa kushoto, ikapita kwenye mkono wa kulia, ikazunguka vifungo. Gawa aliendelea kuishika kalamu juu ya ukurasa wa nne, na aibu ilianza kumpanda kutoka miguuni kama mtu aliyeingia maji ya baridi. Alikuwa ameiona. Alikuwa ameiona sifuri ya zahanati kwa macho yake mawili na miwani, akacheka kwa pua, kwa sababu yake ilikuwa sahihi. Alimfikiria yule mama wa mapacha, ambaye hajui hata kama kuna kitu kinaitwa baiti. Alijichukia kidogo, halafu akajichukia sana.

Alikunja zile kurasa nne, na jedwali lake, akazitia chini ya kopo la sukari.

"Basi la saa kumi na moja alfajiri bado lipo?" aliuliza.

"Lipo," mkewe alisema. "Shati lako ni hili nalipiga pasi."

Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi Gawa alisimama mbele ya dirisha la Mama Mfumo. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alimpa fomu kumi na moja, kila moja na karatasi zake tatu, nyeupe, manjano na kijani, na karatasi ya kunakilia katikati. Gawa alikaa kwenye benchi na kuanza.

Kwenye kasi mpya aliandika 0.064. Mkono ulikataa mara ya kwanza. Si maneno ya kutia chumvi, ulikataa kweli, kalamu ilifika kwenye sita ikasimama, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alimwuliza kama anajisikia vizuri. Alipiga moyo konde akaandika. Chini yake palikuwa na maneno yaliyochapwa: "Nathibitisha kuwa takwimu za awali nilizikosea." Hapo ilibaki kutia sahihi tu. Alitia, mara kumi na moja, akibonyeza kwa nguvu ili karatasi ya kijani nayo ipate.

Kulikuwa na kisanduku cha sababu. Chagua moja: haraka, kutoelewa maelekezo, uzembe.

Mama Mfumo alipokea fomu na kuzipekua kwa kidole kilicholowa mate. Alifika ya tatu akasimama.

"Baba, umeweka uzembe."

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote."

"Mafundi wote wanaweka haraka," alisema, akashusha sauti. "Haraka haina neno. Uzembe unaingia kwenye faili lako la kazi. Umebakiza miaka mingapi?"

"Miwili."

"Sasa unajiharibia nini? Nikupe nyingine?"

"Sikuwa na haraka," Gawa alisema. "Nilikuwa na siku mbili nzima. Na maelekezo niliyaelewa kuliko aliyeyaandika."

Mama Mfumo alimtazama juu ya miwani. Miaka yote ya dirisha lile alikuwa ameona watu wakilia, wakitukana, wakija na barua za wakubwa. Mtu wa kung'ang'ania uzembe hakuwahi kumwona. Alivuta kibodi akaanza kuandika, laini moja moja. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika saba alipofika ya mwisho. Alibonyeza. Walingoja wote wawili.

"Mfumo umekubali," alisema. "Sifuri nukta moja. Zinahamishwa."

Nukta moja ni kilobaiti mia. Laini ya kilobaiti nane ilikuwa imekua mara kumi na mbili na nusu kwa kubonyeza kitufe. Hesabu hiyo Gawa aliifanya palepale, asingeweza kujizuia, lakini aliifanya moyoni. Alishukuru akachukua karatasi zake za kijani.

Ijumaa saa sita mchana alisimama mbele ya kadi ya taa. Amri ilitoka makao makuu, na taa kumi na tisa zilizimika mfululizo, za laini ambazo hazikuwa na mtu upande wa pili. Kumi na moja zilibaki kijani. Alizihesabu mara tatu. Alifungua daftari jeusi, akatafuta ule mstari uliosema yetu iko sahihi, akaupiga mstari mmoja mnyoofu juu yake. Ulikuwa mfuto wa kwanza katika madaftari manne. Haukupendeza.

Jumapili baada ya chakula alimwambia mkewe anakwenda kuangalia betri za kituo. Betri zilikuwa mpya. Mkewe alimwambia asisahau ufunguo. Mlinzi alimfungulia geti na hakuuliza kitu, maana Gawa akiulizwa hujibu.

Alivuta kiti mbele ya kabati la tatu akakaa. Saa nane hakuna kitu. Saa tisa hakuna kitu, isipokuwa njia ya tano, ghala la nafaka, dakika moja. Saa tisa na dakika kumi taa ya kumi na saba iligeuka manjano.

Hakusikia neno. Fundi haruhusiwi kusikiliza, na hata angeruhusiwa asingethubutu. Aliangalia tu taa. Kule juu sauti ya shemeji yake ilikuwa inakatwakatwa vipande elfu nane kila sekunde, kila kipande biti nane, na kila kimoja kilikuwa kinapita mbele ya pua yake kwenda kuunganishwa upande wa hospitali. Elfu nane mara nane ni elfu sitini na nne. Alikuwa ameifundisha hesabu hiyo miaka thelathini na moja, na ndiyo mara ya kwanza iliyomtoa machozi. Taa ilikaa manjano dakika nne, ikarudi kijani. Robo saa baadaye king'ora kilipita barabarani kuelekea mlimani, na Gawa akagundua kuwa amesimama.

Jumatatu asubuhi simu ya kituo ililia.

"Shemeji! Wamezaliwa! Wote wawili, na mama mzima!"

"Kwa kisu?"

"Kwa kisu. Hospitali wamenipigia sasa hivi. Daktari anasema angechelewa saa moja tungekuwa tunaongea mengine." Alinyamaza, na pumzi yake ilisikika, maana laini ile, kwa udogo wake wote, haipotezi hata pumzi. "Asante, shemeji. Wazazi wanataka kuwapa majina ya heshima kwa ajili yako."

"Yapi?"

"Mmoja ataitwa Gawa, mwenzake Nane."

"Usiwaambie hivyo," Gawa alisema kwa wasiwasi wa kweli, na mkunga akacheka mpaka akakata.

Jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama, alimkuta mkewe sebuleni na lile kopo la bati la nyaraka mapajani. Ndani mlikuwa na cheti chao cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za kliniki zilizofifia. Juu yake alikuwa amepanga karatasi za kijani, kumi na moja, zimenyooshwa. Alikuwa amezitoa mfukoni mwa shati kabla ya kulifua.

"Hizi ni za ofisi," Gawa alisema.

"Za ofisi ni nyeupe na za manjano. Kijani ni ya mhusika, imeandikwa hapa chini." Aliinua ya juu kabisa akaisoma taratibu, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa sana njiani. "Nathibitisha kuwa takwimu za awali nilizikosea. Na sahihi yako. Uzembe." Aliirudisha mahali pake, akafunika kopo, akaliweka pembeni. Halafu alimgeukia mumewe, mikono mapajani, bila hasira.

"Na ile ya gesi?"

Gawa alikaa kwenye kiti cha upande wa pili. Alitazama sakafu. Mzani aliukumbuka, uzito wa chuma aliukumbuka, mpaka tarakimu ya mwisho. Aliwakumbuka wakwe zake, marehemu sasa wote wawili, wakitafuna maharage magumu kwa adabu.

"Na ile," alisema.

"Na ile nini?"

"Ile ya gesi nayo," Gawa kwa Nane alisema. "Mwali haukuwa mkubwa. Nilikosea."